Mbayuwayu Walipiga Hodi

Jana usiku niliota nimesimama kwenye chumba changu, natazama mbayuwayu, na dirisha linaniambia nisogee.

Ngoja nieleze chumba kwanza, maana kwenye ndoto hakuna aliyenieleza mimi. Nyumba yetu ya Uyole, Mbeya, baba anaijenga tangu sijaanza shule. Akipata kidogo anaongeza kidogo. Chumba cha nyuma kina kuta na bati, basi. Hakina dari, na pale pa dirisha ni tundu tu la mraba, mvua ikipiga inaingia kama mwenyeji. Hicho ndicho nilichoahidiwa. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nalala sebuleni kwenye kochi, miguu yote iko nje, watu wanaangalia taarifa ya habari juu ya kichwa changu. Nakitaka hicho chumba kuliko chakula. Na dirisha limeshafika, la alminiamu, limeegemezwa ukutani, fundi alikuwa aje kuliweka leo asubuhi.

Shida ni mbayuwayu. Wameingia kwa lile tundu, wamejenga kiota cha udongo chini ya kenchi, zile mbao za paa, kimeshika ukuta kama nusu kikombe, na ndani kuna makinda. Dirisha likiwekwa hawana pa kupita. Baba alisema hamna tabu, fundi atakibomoa kiota kabla hajaanza kazi, nyumba ziko nyingi Uyole, watapata kwingine. Mimi sikubisha. Nakitaka chumba, si nimeshakwambia. Lakini pia nimekuwa nikienda kuwatazama wale ndege kila siku, nikijidai naenda kupima kitanda kitakaa wapi.

Dada yangu Tumpe aliniona, akanipa masharti. Aliyasoma kwenye simu. Watu wanaotazama ndege wana masharti yao, akasema. Usiwasogelee. Usisimame kwenye njia yao. Usiguse kiota kwa mkono. Ukitaka wakuzoee, simama kama nguzo.

Sasa kwenye ndoto nikasimama kama nguzo. Nikawa nguzo.

Sikushangaa. Miguu ikakaza, mgongo ukawa wa zege, nikasikia nondo zinapita mpaka shingoni. Fundi Ambakisye akaingia akinywa chai, akaniangalia, akatundika koti lake kwenye pua yangu. Baba naye akaja akanigonga na kiganja. Akasema hii nguzo haikuwa kwenye ramani, lakini iacheni, inaonekana imekaza vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza baba kunisifia tangu nimalize mtihani, kwa hiyo nikazidi kukaza.

Wakatoka. Ndipo dirisha likasema, "Sogea, ndugu yangu. Unanizibia."

"Mimi ni nguzo," nikasema.

"Nguzo haijibu."

Nikaona lina hoja. Nikaacha kuwa nguzo.

Dirisha lenyewe lilikuwa na maringo fulani hivi. Likaniambia limetoka Dar, limesafiri kwenye lori pamoja na magodoro, na magodoro yaliliheshimu njia nzima, halafu limefika hapa linaegemezwa ukutani kama fagio. Likauliza fundi anachelewa nini. Nikasema anakunywa chai. Likauliza chai gani hiyo isiyoisha. Nikasema hujakaa Mbeya wewe, hapa chai ni ya kupigana na baridi, haiishi mpaka jua litoke.

"Hodi," mtu akasema juu.

"Karibu," nikasema.

Sikuangalia hata ni nani. Unajua inavyokuwa, mdomo unajibu wenyewe. Akaingia mama mbayuwayu kwa lile tundu, akatua kwenye ukingo, amekunja mabawa mbele kama mtu aliyeshika ncha za kanga. Mdomoni ana mbu watatu wanne hivi, lakini anaongea vizuri tu.

"Ndiyo zako," akaniambia. "Unasema karibu, halafu husogei."

Nikamuuliza nimefanya nini. Akasema nimefanya kama siku ile. Siku ipi? Siku uliyokuwa unakula ndizi, akasema.

Nikakumbuka. Nilikuwa nimekaa hapohapo kwenye tundu la dirisha, bakuli la ndizi na maharage mapajani, wao wakapita mbele yangu wawili, karibu wanipige na bawa. Nami nikawaambia, karibuni chakula. Ni kweli nilisema. Sasa si ndiyo inavyosemwa? Mtu akipita unakula, unamkaribisha. Yeye anasema asante, nimetoka kula, hata kama tumbo linamlilia. Mnaachana kwa amani. Hakuna anayekaa. Ukikaa kweli, watu watakuongelea mpaka kwenu.

Nikamweleza hivyo kwa adabu. "Ilikuwa ni kama salamu tu, mama."

"Sisi hatuna ya kama salamu tu," akasema. "Tulikuwa tunatafuta pa kujenga. Kijana akatuambia karibuni. Tukakaa."

"Lakini ndizi hamkula."

"Tulikula mbu waliokuwa wanakula miguu yako. Tulijua ndicho chakula ulichotuandalia. Tena walikuwa wameshiba."

Dirisha likacheka, vioo vikagongana. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kukubali.

"Njoo basi uone uliowakaribisha," mama mbayuwayu akasema.

Nikainua mguu ili nipande juu ya tofali, na nilipouteremsha niko ndani ya kiota.

Ndani ni sebule. Kubwa kuliko yetu. Kuta ni za vidongevidonge vya tope vilivyopangwa mstari kwa mstari, na kila kidonge kimeshikana na mwenzake bila saruji. Kuna kochi refu lenye vitambaa vya kufuma, ila uzi wenyewe ni manyoya ya kuku, nikayatambua, ni ya jogoo wetu mwekundu. Makinda manne yamekaa kwenye kochi yamenipa mgongo. Yanachungulia kwenye ufa mdogo wa ukuta, kwa zamu, na yananong'ona.

Nikauliza mnatazama nini.

"Watu," likasema moja bila kugeuka. "Vua viatu. Na usipige kelele, utawashtua."

Nikavua. Likanisogezea nafasi kidogo, nikachungulia. Nikaiona sebule yetu, kwa juu. Mama anakunja nguo. Baba amesinzia mbele ya televisheni, amekumbatia rimoti. Na kwenye kochi nimelala mimi, mdomo wazi, miguu inaning'inia kama soksi zilizoanikwa.

"Wanajenga pembeni yetu kabisa," kinda likaniambia. "Ni bahati. Wengine wanawaona kwa mbali tu. Sisi tunawaona mpaka wanavyolisha."

"Wanajengaje?"

"Polepole. Sisi kiota tunakimaliza kabla mvua haijakata. Wao yule dume kila siku anasimama hapo nje, anaangalia ukuta, anatikisa kichwa, anarudi ndani. Hatujui anatafuta nini ukutani. Bado tunamchunguza."

Kinda lingine likasema masharti ni usiwaguse watoto wao, maana ukiwagusa mama yao anawasusa. Nikasema mama yangu hasusi. Wakanitazama wote kwa mara ya kwanza. Midomo yao ni ya njano pembeni, na macho yao hayana haraka.

"Unawajua hawa?"

"Huyo mrefu ni mimi."

Wakanong'onezana. Nikahisi kama nimeingia kwenye chumba cha mtihani bila kitambulisho. Kisha lile kubwa likasogea. Likaniuliza kwa upole, lisiniudhi, kama vile unavyomuuliza mgeni kuhusu kovu lake.

"Huyo ndiye tunayemfuatilia sana. Manyoya yameshamtoka mpaka chini ya pua. Mabawa ni marefu. Kwa nini bado yuko kwenye kiota?"

"Nasubiri matokeo," nikasema.

"Matokeo ni nini?"

"Ni habari zinatoka, zinasema kama naweza kuruka."

"Anazitoa nani?"

"Kuna ofisi."

"Hao wa ofisi wanaruka wenyewe?"

Nikafikiri. "Sijawahi kuwaona," nikasema.

Makinda yakaitikia kwa vichwa, yote manne, taratibu, kama watu wanaopokea jambo jipya kwenye elimu yao. Halafu moja likauliza, na mpaka zitoke unafanya nini. Nikasema nimeomba chumba. Likauliza, ndani ya kiota kilekile? Nikasema ndiyo, ila cha nyuma. Likasema, kwa hiyo ni kiota ndani ya kiota. Halikuwa linanicheka. Lilikuwa linataka tu kuelewa, na mimi ndipo nikawa sijui kulieleza, kwa sababu siku zote nilizolala na hilo wazo kichwani halikuwahi kusikika hivyo.

Mama mbayuwayu akawa ameshatoka kwenda kutafuta chakula kingine. Sikumwona akitoka. Nilichoona ni mwanga unapungua.

Nikageuka. Dirisha limefika. Lile lile, la Dar. Limejipachika lenyewe kwenye mlango wa kiota, fremu inabana udongo, na kioo kimoja kinateleza kwenda kufunga. Nje ya kioo mama na baba mbayuwayu wanapiga hodi kwa midomo, kwa heshima, ko, ko, ko.

"Karibuni," nikasema.

Dirisha halikufunguka.

"Neno peke yake halinifungui," likasema. "Mimi si mlango wa mbao. Nani mwenye chumba hiki?"

"Mimi," nikasema haraka. Nililijibu hilo kabla halijamaliza.

"Vizuri. Basi mimi ni wako, na nitafuata utakavyo. Ukitaka tundu libaki wazi, fundi atanitoa. Mimi narudi kuegemea ukuta, wewe unarudi kwenye kochi na taarifa ya habari. Ukitaka nikae, kaa kimya tu. Kazi nitaimaliza mwenyewe."

Nikakaa kimya.

Usinilaumu, ulikuwa hujaiona ile miguu yangu inavyoning'inia. Nilikuwa naiona kupitia ule ufa. Nilijiwazia kitanda, msumari wa kutundika shati, mlango unaofungwa kwa ndani, mtu anapiga hodi na mimi nafikiria kwanza kama nimjibu. Kioo kinateleza. Fremu inazidi kubana. Udongo wa kiota unalia, ukuta unapasuka kuanzia chini, kipande kinamomonyoka na kinda dogo linabaki limeshika kitambaa cha kochi kwa kidole kimoja.

Halikupiga kelele. Likaniangalia kwa udadisi uleule.

"Ulipotukaribisha," likauliza, "ulitegemea tungekaa wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo. Kwa hiyo nikafanya kitu kimoja tu nilichokuwa sijafanya siku ile ya ndizi. Nikasogea.

Nilisogea kweli, kwa makalio, mpaka mwisho wa kochi, kama unavyompisha mgeni kwenye benchi. Kochi nalo likarefuka. Kinda likapanda likakaa. Nikasogea tena, wengine wakajipanga. Na kila nilivyosogea kioo kilirudi nyuma kidogo, maana na chenyewe kilikuwa kwenye reli moja na kochi, ndivyo ilivyokuwa humo.

"Chumba ni changu," nikaliambia dirisha. "Na nina wageni. Fundi asubiri mpaka waruke."

"Na wewe utalala wapi?"

"Palepale."

"Na mimi?"

"Egemea tu kidogo."

Likanuna. Likasema magodoro yangesikia yangesikitika. Lakini likatoka, na mama na baba mbayuwayu wakaingia. Mama akapitisha mbu kwa watoto. Baba mbayuwayu hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule ufa mpya wa chini, akauangalia, akatikisa kichwa. Nikashangaa, maana ni kama baba yangu kabisa mbele ya ukuta.

"Aliyepasua ajenge," akasema.

Nikanyoosha mkono nichukue udongo ulioanguka. Wote wakasema kwa pamoja, siyo kwa mkono. Nikakumbuka masharti ya Tumpe. Nikauliza, sasa nitumie nini. Baba mbayuwayu akanitazama kama umeme umekatika kichwani mwangu.

"Una mdomo," akasema.

Hapo niko bombani kwa jirani, mchana kweupe, nimepiga magoti kwenye tope linalotuama chini ya koki. Nachota kwa meno. Tope la pale lina ladha ya chuma na sabuni ya mche. Mama Ipyana, mwenye bomba, ananisimamia na ndoo kichwani. Nataka kumwamkia, shikamoo iko hapa kooni, lakini mdomo umejaa. Ananisubiri. Mimi namtumbulia macho. Anawaambia wenzake kwenye foleni kwamba watoto wakishamaliza shule ndiyo wanakuwa hivi, wanavimbisha mashavu. Natikisa kichwa kukataa. Anasema na sasa ananikatalia.

Naruka kurudi. Sijui naruka vipi, sikuangalia chini.

Nabandika kidonge cha kwanza kwenye ufa. Kinaanguka. Nakibandika tena.

"Bonyeza," anasema baba mbayuwayu.

Nabonyeza kwa meno ya mbele, pamoja na lile langu lililokatika kona.

"Umewahi kujenga?"

Nakataa kwa kichwa.

"Inaonekana," anasema. Lakini hakibandui. Anabandika chake pembeni ya changu, kidogo, kimekaa sawasawa, na changu kando yake kinaonekana kama mtu mnene kwenye picha ya darasa. Makinda yamegeuka yote yananitazama. Moja linanong'ona kwamba hili halijaonekana bado mahali popote, mtu akijenga kwa mdomo. Wenzake wanaliambia lisisogee, litanishtua.

Nilikuwa nabandika cha mwisho, sijafungua meno, mtu akapiga hodi mlango wa mbele, nikaamka.

Kumekucha. Niko kwenye kochi, shingo imepinda. Hodi ilikuwa ya Fundi Ambakisye, na alikuwa ameshaingia, nilisikia ngazi inaburutwa kuelekea nyuma na baba akimwambia anza na hilo tope la ndege, halafu ndiyo dirisha. Nikainuka na shuka begani, peku.

Nilipofika mlangoni mwa chumba fundi alikuwa ameshapanda. Nyundo mkononi. Mbayuwayu wawili walikuwa wanazunguka nje ya tundu wakipiga kelele, na makinda kimya. Baba ameshika ngazi. Nyundo ikaenda juu, ikabaki hukohuko.

"Mzee," fundi akasema, "hawa ndege wako wana meno?"

Baba akamuuliza meno gani.

"Hapa chini wameziba ufa. Tope bado bichi. Limebonyezwa na meno." Akasogeza uso. "Mapana. Na moja limekatika kona."

Baba akasema ni panya huyo, piga tufanye kazi. Fundi akasema panya gani mwenye meno haya. Baba akasema wewe kila kitu kwako ni ajabu, piga, kijana anataka chumba chake.

Wote wawili wakaniangalia, kwa sababu kijana ni mimi.

Nilikuwa nimeshajua nitakachosema. Nilikijua tangu nilipokuwa nimekaa mwisho wa kochi lile lingine. Nikafungua mdomo niseme fundi, subiri, na kabla neno halijatoka kikatoka kidonge cha tope, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji mbele ya miguu yangu, kibichi, kimeumwa pembeni.

"Fundi, subiri," nikasema. "Nina wageni."

Baba akakiangalia kile kidonge. Fundi akaniangalia meno ya mbele, akaangalia tena ukuta. Kisha akaiweka nyundo mfukoni, akavua kofia, na akaanza kushuka ngazi taratibu, kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwenye sebule ya watu.